Dawa za Miti kwa Minyoo ya Mbwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Afya ya Nyumba na Mifugo

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya somo: minyoo, chango, safura, tegu, gome, kinyesi, kipimo, kilo.

Leo twazungumza hasa na ninyi mlio Kilangali, katika wilaya ya Kilosa, na wenzenu wa vijiji vya jirani. Ikiwa mmekwisha kukaa, na yale maneno manane yamekwisha kuandikwa ubaoni, basi tuanze.

Somo letu ni juu ya mbwa. Labda mtu atauliza: Je, mbwa naye ana haja ya somo? Ndiyo, anayo. Mpunga unapokaribia kuiva, ni nani akeshaye shambani? Ni mkulima na mbwa wake. Nguruwe mwitu huja usiku; ngedere na nyani huja mchana. Mfugaji naye, akilala karibu na zizi lake, humtegemea mbwa ampe habari ya fisi. Mbwa mgonjwa hawezi kazi hii. Tena mbwa mwenye minyoo hajidhuru yeye peke yake. Huwadhuru na watoto wanaocheza uwanjani.

Wazee wetu walikuwa na dawa zao za minyoo: magome, mbegu, majani na mizizi. Hata leo watu wengi huzitumia, maana mti uko karibu na duka la dawa za mifugo liko mbali. Je, dawa hizo za miti zafaa kwa mbwa? Jibu letu ni hili: zipo zenye nguvu ya kweli, zipo zisizofanya kitu, na zipo zinazomwua mbwa kabla ya minyoo. Kazi yetu leo ni kuzitenganisha.

1. MINYOO YA MBWA NI IPI?

Ya kwanza ni chango. Chango ni mnyoo mweupe, mviringo, wenye urefu wa kidole au zaidi. Chango jike mmoja aweza kutaga mayai kama 100,000 kwa siku moja. Mayai hayo hutoka pamoja na kinyesi, nayo ni madogo mno, jicho haliyaoni. Siku ile yanapotoka hayawezi kumwambukiza mtu. Huhitaji kwanza kukaa katika udongo wenye joto na unyevu kwa majuma mawili hadi manne. Baada ya hapo huweza kukaa udongoni miezi mingi, hata miaka, yakingoja kuingia kinywani.

Tena chango ana hila nyingine. Minyoo yake michanga hujificha katika nyama za mwili wa mbwa jike. Mbwa huyo akishika mimba, minyoo hiyo huamka na kuwaingia watoto wake kabla hawajazaliwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa huzaliwa na ugonjwa tayari. Ndiyo maana mwaona mtoto wa mbwa wa majuma matano, tumbo limejaa kama ngoma, mbavu zahesabika, na manyoya hayana mng'aro.

Ya pili ni minyoo ya safura. Hii ni midogo, urefu wake kama sentimita moja. Huuma utumbo na kunywa damu. Watoto wa mbwa huipata katika maziwa ya mama yao. Mbwa wengine huipata kwa udongo, kupitia kinywani au ngozini. Mfunue mbwa mdomo umtazame ufizi. Ukiwa mweupe badala ya mwekundu, na kinyesi chake ni cheusi kama lami, basi huenda damu yake inakwisha. Mtoto wa mbwa aweza kufa kwa safura katika siku chache.

Ya tatu ni tegu. Tegu ni mnyoo bapa kama utepe, ulioungwa kwa vipande vingi. Vipande hivyo hukatika na kutoka. Mtavikuta chini ya mkia wa mbwa, au pale alipolala, mfano wa punje za mchele. Tegu wa namna hii mbwa humpata kwa kumeza kiroboto anapojikuna kwa meno. Yuko tegu mwingine, mdogo sana, wa milimita chache tu. Huyo mbwa humpata kwa kula maini au mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa, yenye vifuko vya maji ndani yake.

Sasa sikilizeni madhara kwa watu. Mtoto mdogo akila udongo wenye mayai ya chango wa mbwa, minyoo michanga hutembea mwilini mwake. Yaweza kufika katika jicho na kuharibu uoni. Safura ya mbwa huingia katika ngozi ya nyayo, ikachora mistari myekundu inayowasha sana. Na yule tegu mdogo ndiye mbaya kuliko wote. Mayai yake yakiingia tumboni mwa mtu, huota vifuko vya maji katika ini au mapafu, navyo hukua polepole kwa miaka. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu ulikuwa mwingi kiasi kwamba mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuupiga vita, na kuwatibu mbwa ilikuwa sehemu ya mpango huo. Hapa Tanzania umeonekana kwa wafugaji wa Ngorongoro.

Wapo majirani wasiomgusa mbwa kwa sababu ya dini yao. Lakini mbwa wa jirani hupita uwanjani kwao usiku. Udongo hauulizi mbwa ni wa nani. Kwa hiyo jambo hili ni la kijiji kizima.

(Mwalimu: Simamisha hapa. Wanafunzi waitaje minyoo mitatu ya mbwa, na kila mmoja aeleze jinsi mbwa anavyoipata.)

2. MACHO YAWEZA KUDANGANYA

Mtu humnywesha mbwa wake maji ya gome. Kesho yake aona minyoo miwili katika kinyesi. Husema, "Dawa imefanya kazi!" Ngoja kwanza, ndugu. Yako mambo matatu ya kufikiri.

Jambo la kwanza, minyoo mingine hutoka yenyewe, hata bila ya dawa. Jambo la pili, mtoto wa mbwa akikaribia miezi sita, mwili wake hupata nguvu ya kuufukuza chango. Aliyepewa dawa na asiyepewa, wote wawili chango wao hupungua. Jambo la tatu, tegu akikatika, vipande vingi hutoka, lakini kichwa hubaki kimeng'ang'ania utumbo. Baada ya majuma machache huota tena. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi dawa hupimwaje? Hupimwa kwa kulinganisha. Huko Nigeria walifanya jaribio la mbegu za mpapai, nalo likachapwa mwaka 2007. Walichukua watoto 60 wenye vijidudu vya tumbo. Watoto 30 walipewa unga wa mbegu kavu za papai uliochanganywa na asali. Watoto 30 wengine walipewa asali peke yake. Kisha choo cha wote kikapimwa. Katika kundi la mbegu, watoto 23 walikuwa wamesafika. Katika kundi la asali, walikuwa 5.

Tazameni hesabu hii vizuri. Wale watano walisafika bila ya mbegu. Kama lisingekuwako kundi la asali, watu wangedhani wote 23 wameponywa na mbegu. Hiyo ndiyo faida ya kulinganisha. Kwa mbwa pia ni hivyo hivyo: kinyesi hupimwa kwa darubini, mayai huhesabiwa kabla ya dawa, na huhesabiwa tena baada ya majuma mawili hivi.

3. MITI YENYE NGUVU

Mpapai. Tumekwisha kusikia habari ya mbegu zake. Utomvu wake mweupe nao una nguvu ya kuyeyusha ngozi ya mnyoo. Mwaka 1994 lilichapwa jaribio la utomvu huo kwa nguruwe wenye chango. Kipimo kidogo kiliondoa sehemu tu ya minyoo. Kipimo kikubwa kuliko vyote kiliiondoa yote, lakini baadhi ya nguruwe wakaharisha. Hapo mwaona ya kuwa nguvu ya mti na madhara yake hutembea pamoja. Nguruwe mzima mwenye kuhara kidogo atapona. Mtoto wa mbwa wa kilo mbili, aliyekwisha kudhoofika, akiharisha hukaukiwa maji mwilini na kufa.

Mukutan. Hili ni jina la Wamasai na Wasamburu kwa mti mmoja wa nchi kavu. Huchemsha gome la shina au la mzizi, wakalinywa pamoja na maziwa au supu, na mifugo yao pia huipa. Wataalamu wa mimea waliuita mti huo Albizia anthelmintica, na neno hilo la pili maana yake ni "ya kuondoa minyoo." Jina lenyewe ni heshima kwa maarifa ya wazee. Lakini majaribio hayakupatana. Taarifa za Kenya za mwaka 2003 zilieleza kwamba gome hilo halikupunguza minyoo ya kondoo wala ya panya. Taarifa ya mwaka 2008, kutoka Uganda, ilieleza kwamba lilipunguza mayai ya minyoo katika kinyesi cha kondoo. Mti wa mahali pamoja si sawa na mti wa mahali pengine. Mvua, udongo, umri wa mti na namna ya kuchemsha, vyote hubadili nguvu yake. Na tumbo la mbwa si tumbo la kondoo.

Boga. Mbegu za boga zimetumiwa na watu wa nchi nyingi kumlegeza tegu. Zikitwangwa bila ya chumvi na kutiwa katika chakula cha mbwa, kwa kawaida hazimdhuru, tena ni chakula chenye mafuta. Ukitaka kumpa, mpe kama chakula. Usizitegemee peke yake kumtoa tegu pamoja na kichwa chake.

Mpopoo. Nanyi wa pwani mwaujua sana mti huu. Popoo ndiyo ile kokwa itafunwayo pamoja na tambuu, na mipopoo hustawi Unguja na Pemba. Wataalamu walitoa katika popoo dawa iitwayo arekolini. Dawa hii humlegeza tegu na kuukaza utumbo kwa nguvu, hata mnyoo ukatupwa nje. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa dawa ya tegu kwa mbwa. Huko New Zealand, baada ya sheria ya mwaka 1959, mbwa walinyweshwa arekolini ili kinyesi chao kipelekwe kupimwa. Basi hii ni dawa ya mti iliyofanya kazi kubwa. Lakini mbwa walitapika na kuumwa tumbo vibaya, na kwa watoto wa mbwa na majike wenye mimba ilikuwa ya hatari. Katika miaka ya 1970 ilipatikana dawa ya prazikwanteli, inayomwua tegu bila ya mateso hayo. Tangu hapo arekolini iliachwa kidogo kidogo. Haikuachwa kwa sababu imetoka mtini. Iliachwa kwa sababu imepatikana iliyo bora.

4. MITI YA HATARI

Sasa sikilizeni kwa makini sana. Mwalimu, andika ubaoni: USIMPE MBWA.

Usimpe mbwa kitunguu saumu, wala kitunguu maji. Watu wengi hudhani kwamba harufu kali huwafukuza minyoo. Kwa mtu, kitunguu ni kiungo kizuri. Kwa mbwa, huvunja chembe nyekundu za damu. Madhara hayaonekani siku ile. Huja baada ya siku kadha. Na mbwa mwenye safura amekwisha kunyonywa damu na minyoo. Ukimpa kitunguu saumu, wewe nawe wamwondolea ile damu iliyobaki.

Usimpe tumbaku wala ugoro. Nikotini iliyomo ni sumu. Mbwa hutetemeka, hutapika, hushindwa kupumua, na huweza kufa siku hiyo hiyo.

Usimpe mbegu za nyonyo, wengine huziita mbarika. Mbegu hizo, zikitafunwa au kutwangwa, zina sumu kali sana.

Usimpe mshubiri. Humharisha mbwa, na kuharisha si kuponya.

Na mwarobaini je? Majani yake ni machungu, kila mtu ajua. Lakini uchungu si kipimo cha dawa. Kumkaba mbwa na kumnywesha kikombe cha maji machungu kwa nguvu kwaweza hata kumwingizia maji mapafuni.

(Mwalimu: Simamisha. Kila mwanafunzi aandike sentensi moja inayoanza: Usimpe mbwa . . .)

5. DAWA YA KIPIMO

Tofauti kubwa kati ya gome na kidonge ni kipimo. Kidonge cha leo ni sawa na cha jana, na kasha lake limeandikwa. Wewe unayejifunza kusoma, hapa ndipo kusoma kunapookoa uhai. Soma mambo matatu katika kasha. Kwanza, dawa ni ya mnyama gani. Pili, kipimo ni kiasi gani kwa kila kilo ya uzito. Tatu, mwisho wa kutumika ni mwezi gani na mwaka gani.

Piranteli ni dawa ya chango na safura, nayo hufaa hata kwa watoto wadogo wa mbwa. Prazikwanteli ni dawa ya tegu. Viko vidonge vyenye dawa zote mbili. Usichukue dawa ya maji ya ng'ombe ukampimia mbwa kwa kukisia. Dawa hiyo imepimwa kwa mnyama mkubwa, na nyingine, kama levamisoli, kipimo cha kumponya mbwa na cha kumdhuru viko karibu sana. Mwulize Bwana Mifugo au Bibi Mifugo wa kata yenu.

Mbwa hupimwaje uzito? Tumieni mizani ya kusimamia. Simama peke yako, kisha simama ukiwa umempakata mbwa. Tuseme wewe peke yako ni kilo 62. Wewe pamoja na mbwa ni kilo 77. Toa 62 katika 77, wapata 15. Mbwa ni kilo 15. Ikiwa kasha limeandikwa kidonge 1 kwa kila kilo 10, mbwa huyu atapewa kidonge kimoja na nusu.

Siku za kutoa dawa ni hizi. Watoto wa mbwa: wakiwa na majuma 2, tena majuma 4, tena majuma 6, tena majuma 8. Baada ya hapo mara moja kila mwezi mpaka watimize miezi 6. Mbwa mkubwa: kila miezi 3. Mama yao apewe siku zile zile anazopewa watoto, maana huwalamba na kujiambukiza tena. Kwa nini turudie mara nyingi hivyo? Kwa sababu dawa huua minyoo iliyo tumboni, na ile iliyojificha mwilini huja baadaye.

6. KUIKATA NJIA YA MINYOO

Ndugu zangu, hakuna dawa, iwe ya mtini au ya dukani, itakayoshinda uwanja uliojaa mayai. Kumbukeni: mayai ya chango huhitaji majuma mawili au zaidi kabla ya kuambukiza. Minyoo ya safura huwa tayari upesi zaidi, kama katika juma moja. Basi mtu aokotaye kinyesi cha mbwa kila asubuhi kwa jembe na kukitupa katika choo cha shimo amewashinda wote wawili kabla hawajawa tayari. Kazi hii haina gharama. Fanyeni hivyo hasa wakati wa masika, maana unyevu huihifadhi minyoo.

Mnapochinja, msimtupie mbwa maini wala mapafu yenye vifuko vya maji. Yachomeni moto, au yafukieni katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Wapigeni vita viroboto pale mbwa anapolala. Wafundisheni watoto kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Wavaeni viatu panapokuwa na mbwa wengi. Na mtoto anayelalamika kwamba jicho moja haoni vizuri, au mwenye mistari ya kuwasha katika ngozi, mpelekeni hospitali.

Tuwaulize na wazee juu ya miti yao, tuiandike majina yake katika madaftari yetu, mahali inapoota na jinsi ilivyotumiwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoko Morogoro mjini, husomesha madaktari wa mifugo, na maarifa ya namna hii yastahili kupimwa na watu kama hao. Lakini tusilifanye jaribio hilo kwa mtoto wa mbwa mwenye ufizi mweupe. Yeye hana siku za kungoja.

MANENO YA KUSOMA KWA SAUTI

Mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo.
Kutoka mnyoo mmoja si kupona.
Mti wenye nguvu bila kipimo ni hatari.
Kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa.
Kinyesi cha leo kiokotwe leo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Katika jaribio la Nigeria, kundi la asali lilikuwa na kazi gani?
2. Kwa nini tegu huota tena baada ya vipande vyake kutoka?
3. Mtu ni kilo 58. Mtu pamoja na mbwa ni kilo 68. Mbwa ni kilo ngapi? Atapewa vidonge vingapi, ikiwa ni kidonge 1 kwa kila kilo 10?
4. Katika kijiji chenu, maini na mapafu yenye vifuko vya maji hutupwa wapi? Nani atachimba shimo, na lini?

Hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Swali la nne msiliache ubaoni. Litolewe jibu kabla hamjaondoka darasani. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na kazi njema.